Vyumba vinane vya choo cha nje au masta nne? Kuchagua nyumba ya kwanza ya kupangisha Mbeya na Iringa

Ukiwa na kiwanja Nzovwe au Isyesye na pesa ya kuanzia ujenzi, ushauri utakaopewa na fundi, dalali na shemeji yako ni uleule: piga vyumba vingi, kila mlango ni pesa. Hesabu hiyo inavutia kwa sababu inahesabu milango tu. Haihesabu miezi ambayo mlango umefungwa na ndani hamna mtu, wala safari za gari la majitaka, wala umeme wa kugombaniwa. Kinachotofautisha nyumba moja na nyingine ni mwezi mtupu na sababu zinazouleta.

Hapa tunalinganisha aina za nyumba ndogo za kupangisha zinazoonekana zaidi Nyanda za Juu Kusini, kisha njia tatu za kuzipata: kujenga, kununua pagale (nyumba iliyoachwa kabla ya kumalizika), au kununua nyumba ambayo tayari ina wapangaji. Kodi na gharama tunazotaja ni za kufanyia hesabu. Weka za mtaa wako, kisha piga upya.

Vyumba vya choo cha nje na masta

Chukua kiwanja kimoja ukijengee kwa namna mbili. Ya kwanza ni safu ya vyumba vinane vya mita 3 kwa 3.5, vyoo viwili na bafu mbili nje. Ya pili ni masta nne, kila moja ikiwa na chumba cha mita 3.5 kwa 4, choo na bafu la mita 1.5 kwa 2, na jiko dogo la ukubwa huohuo. Vyumba vinane vinakula mita za mraba 84, na vyoo vya nje bado havijahesabiwa. Masta nne zinakula 80, vyoo vikiwemo. Hata milango inalingana: minane huku, minane kule. Paa nalo linakaribiana. Gharama inapopandia ni kwenye mabomba, sinki za choo, vigae na karo la majitaka. Si ndogo, lakini si mara mbili ya ujenzi kama wengi wanavyotishana.

Sasa mapato ya mwaka, kwa shilingi:

| | Vyumba 8 | Masta 4 |
|---|---|---|
| Kodi ya mwezi | 35,000 × 8 = 280,000 | 70,000 × 4 = 280,000 |
| Mwaka mzima bila pengo | 3,360,000 | 3,360,000 |
| Miezi mitupu | miezi 2 kila chumba: 560,000 | mwezi 1 kila masta: 280,000 |
| Kunyonya majitaka | mara 2: 160,000 | mara 1: 80,000 |
| Rangi, vitasa, vioo | 240,000 | 160,000 |
| Maji unayoyabeba mwenyewe | 240,000 | 0, kila mmoja na mita yake |
| Kinachobaki kabla ya kodi ya serikali | 2,160,000 | 2,840,000 |

Tofauti ni 680,000 kwa mwaka, na imetoka kwenye kodi ileile ya mwezi.

Kwa nini tumeweka miezi miwili mitupu upande mmoja na mmoja upande wa pili? Mpangaji wa chumba kimoja anahama kwa bajaji moja: godoro, jiko la gesi, ndoo mbili, amekwenda. Na mara nyingi kinachomhamisha si kodi, ni choo. Chumba namba 3 ana watoto wanne, namba 5 anaishi peke yake na anafanya usafi zamu mbili kwa wiki kama wengine, namba 7 hajawahi kushika fagio. Baada ya miezi mitatu namba 5 anaondoka, naye ndiye aliyekuwa analipa kwa wakati. Anayebaki ni yule asiyejali choo wala kodi. Mwenye masta akichafua choo, ni chake.

Hata hivyo vyumba vya choo cha nje vina mahali pake. Karibu na soko la Mwanjelwa, Kabwe, au njia panda ya Uyole, kuna watu wengi wanaopata pesa ya siku kwa siku, na kodi ya 70,000 kwao ni ndoto. Huko chumba kikiachwa Jumatatu, Ijumaa kina mtu. Pia mpangaji mmoja akikwama, umekwama sehemu moja ya nane tu, si robo. Kama unaishi palepale uwanjani na unaweza kusimamia zamu za usafi kwa macho yako, vyumba hivyo vinalipa. Ukiwa Dar es Salaam na unategemea simu, vitakutesa.

Umeme: kosa la mita moja

Hapa ndipo nyumba nyingi za vyumba vingi zinapoharibika. Katika bei za umeme zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko daraja la D1, shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo inafika 122. Daraja la T1, la anayezidi hapo, ni 292, pamoja na kodi na tozo karibu 356.

Mpangaji wa chumba kimoja mwenye taa, simu na televisheni anatumia, tuseme, uniti 20. Akiwa na LUKU yake kwenye D1 analipa kama 2,440. Wakichangia wanane LUKU moja wanafika uniti 160, mita inakuwa ya T1, na uniti zake zilezile 20 zinamgharimu zaidi ya 7,100. Kumfungia mita ndogo ya ndani kunamaliza ugomvi wa nani ametumia ngapi, lakini hakumrudishi D1. Mpangaji mwenye akili ya hesabu huligundua hili mwezi wa pili, na "chumba chenye LUKU yake" ni sifa anayoitafuta kwa dalali kabla hata ya kuuliza rangi. Kabla ya kuanza kuchimbia nyaya, nenda ofisi ya TANESCO uulize bei za sasa na gharama ya kuunganisha kila mlango na mita yake.

Kuna na kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa imekuwa 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo ndiye anayekatwa, ingawa mdaiwa ni mwenye nyumba. Rudisha hiyo 1,500 bila kusubiri kuombwa. Ni pesa ndogo ya kununulia amani. Na kama jengo moja lina mita nne zote zinakatwa, peleka namba za mita zirekebishwe ibaki moja.

Kwenye masta kuna swali la maji ya moto. Juni na Julai huku si Tanga. Mpangaji atafunga shawa ya umeme uwe umempa ruhusa au hujampa. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Ukiwa umeipitishia waya wa milimita 2.5 uleule wa soketi, waya unachemka ndani ya bomba na swichi inaungua polepole. Weka waya wa milimita 4 au zaidi moja kwa moja kutoka kwenye bodi, ukiwa na kikata umeme chake cha ampea 32, na hakikisha fundi amezika nondo ya ethi. Kwenye vyumba vya kawaida baridi inaleta hatari nyingine: watu huingiza jiko la mkaa ndani na kulala. Acha tundu la hewa la kudumu juu ya kila dirisha, lisilozibika kwa gazeti.

Wanafunzi au wafanyakazi?

Anayejenga Mbeya karibu na chuo cha MUST upande wa Iyunga na Ikuti, au chuo cha TEKU pale Block T, kichwani ana wanafunzi tu. Iringa mvuto ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mji ni mdogo na una Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU kwa pamoja.

Mwanafunzi analipa kwa kichwa. Chumba ambacho mfanyakazi angelipa 45,000, wanafunzi wawili kwa 30,000 kila mmoja wanakupa 60,000. Ila mwaka wa masomo unaanza kati ya Oktoba na Novemba na kufika Julai. Ukipata miezi tisa: 60,000 × 9 = 540,000. Mfanyakazi kwa miezi kumi na moja: 45,000 × 11 = 495,000. Faida ya wanafunzi ni 45,000 kwa mwaka, na hiyo inaishia kwenye rangi, kitasa na kioo cha dirisha. Kwa hiyo wanafunzi wanalipa kweli pale tu unapoweza kuwapata kwa mkataba wa mwaka wa masomo mzima, si mwezi kwa mwezi, au pale unapojenga hosteli ya vitanda vingi yenye usimamizi. Kwa nyumba ya kwanza, hosteli ni mzigo: usalama, mlinzi, maji, taulo zilizopotea, wazazi wanaopiga simu saa nne usiku.

Panga malipo yafuate boom. Mkopo wa wanafunzi hutoka kwa awamu, na mwanafunzi anayeutegemea hawezi kukulipa miezi sita siku ya kwanza hata akitaka. Gawa mara mbili, moja mwanzoni mwa kila muhula, na iandikwe kwenye mkataba kwamba kitanda hakishikiliwi wakati wa likizo bila malipo ya nusu. Wasipotaka, unajua tangu Julai kuwa chumba kiko huru, unapata muda wa kupaka rangi.

Maji yatakuumbua. Wanafunzi kumi na wawili wakitumia lita 40 kila mmoja ni lita 480 kwa siku, na nyingi zinatoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Simtanki la lita 2,000 linakupa siku nne bomba likikatika. La lita 1,000 linakupa mbili, na siku ya tatu wanatafuta chumba kwingine.

Kwa anayeanza, mchanganyiko ni salama zaidi. Jenga mahali ambapo mwanafunzi anaweza kufika chuoni kwa miguu ndani ya dakika ishirini, lakini pia pana wauguzi, walimu na wafanyabiashara. Chuo kikiongeza mabweni yake, hutaachwa mikono mitupu.

Nyumba nzima

Nyumba ya vyumba vitatu Forest, Itezi, au Gangilonga kwa Iringa hupangwa na daktari, mhadhiri, mtu wa benki au wa mradi. Mpangaji mmoja, mkataba mmoja, analipa miezi sita au kumi na miwili, na kwa kawaida anatunza. Ni aina rahisi zaidi kuisimamia ukiwa mbali.

Ubaya wake ni kwamba ikiwa tupu, ni tupu yote. Miezi miwili mitupu ni sehemu moja ya sita ya mwaka, na uhamisho wa mtumishi haukupi taarifa. Wanachotafuta ni uzio, geti la kupitisha gari, tangi, jiko la ndani na njia ambayo gari ndogo inapita hata Machi. Marumaru ya bei kubwa na dari ya jipsamu yenye ngazi tatu hutarudishiwa. Hiyo ni nyumba yako ya kuishi, si ya biashara.

Fremu

Fremu, yaani chumba cha duka, inalipa vizuri kwa mita ya mraba, mpangaji anajitengenezea ndani mwenyewe, na hakuna choo cha kugombania zaidi ya kimoja. Lakini chumba hukaa kitupu kwa wiki, fremu hukaa tupu kwa miezi. Mtaa ukiwa na fremu ishirini na maduka ya vocha kumi na mawili, ya ishirini na moja si biashara. Hesabu fremu zilizofungwa katikati ya wiki saa tano asubuhi kabla hujanunua tofali. Zikizidi moja kati ya tano, acha.

Pili, barabara. Hifadhi ya barabara kuu kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kando ya barabara ya kwenda Zambia hilo ndilo jambo la kwanza kupima kwa futi kamba, zaidi sasa ambapo kipande cha Nsalaga hadi Ifisi kinapanuliwa kuwa njia nne. Alama ya X ikikukuta ndani ya hifadhi, risiti ya mwenyekiti wa mtaa haikusaidii. Vivyo hivyo kwa mito midogo inayoshuka kutoka Loleza: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Viwanja vya bei ya kutupa Mbeya vingi vimeangukia katika moja ya mistari hii miwili.

Tatu, mpangaji wa fremu anahitaji mkataba wa pango ili apate TIN na leseni, na mkataba huo unalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kisha kuna kodi ya zuio ya asilimia 10. Kwa fremu ya 100,000, mwaka ni 1,200,000: mpangaji anakata 120,000 anapeleka TRA, anakupa 1,080,000 na hati ya zuio. Itunze hati hiyo, ndiyo ushahidi wako. Wenye fremu wengi hupanga bei bila kuihesabu hiyo asilimia 10, halafu wanamwona mpangaji mwizi.

Kujenga, pagale, au nyumba yenye wapangaji

Kujenga kunakupa kila kitu unavyotaka isipokuwa muda. Mvua huku zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, zingine Mei. Msingi uchimbwe Mei au Juni, paa liwe juu kabla ya Oktoba kuisha. Tofali za kuchoma nazo huchomwa kiangazi, ndipo zinapopatikana kwa wingi; anayezitafuta Januari anauziwa zilizobaki, nyingi hazikuiva. Gonga mbili: iliyoiva inalia, isiyoiva inatoa mlio mfu na kona inamomonyoka kwa kucha. Ukichagua bloku za inchi 6, hesabu 9 hadi 10 kwa mita ya mraba ya ukuta ukijumlisha zinazovunjika.

Usiruke mkanda wa linta. Mbeya iko ndani ya Bonde la Ufa, si mbali na Mlima Rungwe, na ardhi hutikisika. Mkanda wa zege unaozunguka kuta zote, nondo nne za milimita 12 na ringi za milimita 8 kila sentimita 20, ndio unaofunga nyumba. Fundi anayeweka linta juu ya milango na madirisha peke yake anakuachia nyufa zinazopanda kutoka kona ya dirisha hadi kwenye paa.

Kwa kiwanja cha mteremko, kata mfereji nyuma ya nyumba kabla ya msingi, si baada ya mvua ya kwanza. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Kwenye upepo wa vilimani tofauti utaisikia usiku. Mbao zipo karibu, Mafinga na Sao Hill ni jirani, kwa hiyo huna sababu ya kukubali kenchi zisizopigwa dawa.

Pesa isipotosha, chimba msingi wa masta zote nne na karo la zote nne, malizia mbili, zipangishe. Karo la ndani ya mita 2 kwa 1.2 na kina cha 1.5 lililogawanywa sehemu mbili lina ujazo wa mita za ujazo 3.6, linatosha kaya nne ndogo likifuatiwa na shimo la kunyonya. Karo la masta mbili ukilipanua baadaye utabomoa uwanja ambao wapangaji wanautumia kuanikia nguo.

Pagale linakuokolea mwaka, au linakuuzia mbuzi kwenye gunia. Chukua msumari wa inchi nne uchokonoe kati ya tofali na tofali, chini ya dirisha na karibu na ardhi. Kikitoka kama udongo mkavu, ukuta umejengewa tope, si saruji. Nyumba za namna hiyo ni nyingi huku, na zikipigwa plasta huwezi kuziona. Faida ya pagale ni kwamba bado liko uchi. Ukuta uliolala masika mawili bila paa, tofali zake za juu zimelegea, safu mbili au tatu zinashushwa. Nondo zilizochomoza zikiwa zimekuwa nyembamba kwa kutu zikatwe na kuunganishwa upya. Pima upana wa vyumba pia: pagale la mtu aliyekusudia kuishi humo lina sebule ya mita 6 na korido ndefu, na kuligeuza kuwa masta nne ni kubomoa kuta ambazo umelipia.

Nyumba yenye wapangaji inaonekana ndiyo rahisi: unalipa leo, unakula kodi mwezi ujao. Si hivyo. Muuzaji anayejua anauza huchukua kodi ya miezi sita kwa kila chumba wiki chache kabla ya kukuuzia, na wewe unakuta imeliwa. Keti na kila mpangaji mmojammoja bila muuzaji kuwepo, ona risiti yake au ujumbe wa muamala, andika tarehe kodi yake inapoisha. Jumlisha kodi yote iliyolipwa mbele ya siku ya mauzo na uikate kwenye bei. Kwa vyumba sita vya 40,000 vilivyolipiwa miezi minne mbele ni 960,000. Omba pia bili ya maji ya karibuni yenye namba ya akaunti, maana deni la maji litakufuata wewe, na ununue umeme kidogo kwenye kila LUKU uone kama kuna deni linakatwa.

Nyaraka kwa njia zote tatu ni zilezile. Namba ya kiwanja na kitalu, kisha upekuzi ofisi ya ardhi kuona jina lililopo na kama kuna mkopo wa benki. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mliuziana mbele ya watu, hauthibitishi kwamba aliyeuza ni mwenyewe. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Ya urithi, anayeuza awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, si cheo cha kaka mkubwa. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, naye atajaribu kukuachia wewe. Iandikwe ni ya nani kabla hujatoa hata senti.

Mji upi

Mbeya ina wapangaji wa kila aina, kwa hiyo aliyekosea aina ya nyumba ana nafasi ya kubadilika. Iringa ni tulivu, vyuo vinabeba soko, na Julai hadi Oktoba pengo la wanafunzi huonekana Kihesa na Semtema. Mafinga kuna viwanda vya mbao na wafanyakazi wanaotaka chumba cha bei ya kati. Makambako na Tunduma ni miji ya njia: wapangaji ni wengi, wanapita haraka, kodi ikusanywe mapema. Njombe jenga kwa ajili ya baridi kwanza, madirisha madogo yanayofunga vizuri na maji ya moto, mengine yafuate.

Tungekuwa na kiwanja kilichopimwa Nzovwe au Ilomba na pesa ya nyumba moja, tungejenga masta mbili kwa msingi wa nne. Tungekuwa nacho Uyole karibu kabisa na stendi, vyumba sita vyenye LUKU zake na vyoo vitatu. Fremu tungeiacha iwe nyumba ya tatu.

Msimamizi na mkataba

Asiyeishi mjini huweka msimamizi, mara nyingi ndugu, anayekaa chumba kimoja bure. Hilo ni sawa, lakini chumba cha bure cha 70,000 ni 840,000 kwa mwaka. Kwenye masta nne umempa robo ya kodi. Mpe chumba kidogo cha nje, au umlipe asilimia ya kodi inayoingia, ili mwezi mtupu umuume na yeye. Kodi zilipwe moja kwa moja kwenye simu au akaunti yako. Msimamizi apokee taarifa, asipokee pesa.

Mkataba uwe wa kurasa mbili: jina na namba ya kitambulisho cha NIDA, kodi na tarehe, idadi ya watu watakaolala humo, nani analipa maji, taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kuhama, na orodha ya vitu vilivyomo ikiwa na picha za siku ya kuingia. Idadi ya watu usiiache. Chumba ulichopangisha kwa mmoja kikawa na watano, karo linajaa kwa miezi mitano badala ya mwaka. Mpangaji akigoma kulipa, usikate umeme wala kung'oa mlango, utageuka wewe kuwa mshtakiwa. Barua ya madai kwanza, nakala kwa mtaa, kisha usuluhishi Baraza la Kata, na ikishindikana shauri linafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiwa na mkataba, risiti na picha zile za siku ya kuingia, una cha kuweka mezani.